Thomas Midgley, mtu aliyejificha chini ya boneti ya gari la zamani

Tuseme babu amekuachia Mercedes ya mwaka 1980 hapo Kibomet, pembezoni mwa mji wa Kitale. Bodi bado iko sawa, viti vimepasuka kidogo, na redio ya kaseti ingali inaguna. Wenzako wanakimbilia Vitz na Demio, wewe umeamua kufufua chuma cha mzee. Safi. Injini inanguruma bila shida. Shida ni AC: ukibonyeza swichi, kompresa inapiga kelele kama kokoto ndani ya sufuria, mkanda unalia, na baridi hakuna.

Mtu atakuuliza Kitale unataka AC ya kazi gani, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako jua likizama unatafuta sweta. Mwambie asubiri mvua ya Aprili, kioo cha mbele kijae ukungu hadi asione hata punda barabarani. AC ndiyo hukausha hewa hiyo. Au asubiri siku ya kuteremka kupitia Kapenguria hadi Lodwar, madirisha yakiwa wazi na hewa inayoingia ni ya tanuri.

Basi unampelekea fundi. Kabla hajashika spana anauliza jambo moja: humu mna gesi ya zamani au ile ya kisasa? Wengi hujibu tu kwamba hawajui. Lakini swali hilo lina mwenyewe. Gesi ya zamani ilibuniwa na Mmarekani mmoja aliyeitwa Thomas Midgley. Na si gesi pekee. Petroli ambayo gari hilo lilinyweshwa kwa takriban miaka 25 ya kwanza ya maisha yake ilikuwa na mkono wake pia. Ukifungua boneti ya gari la zamani, jamaa yumo humo mara mbili.

Alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Ubunifu ulikuwa wa ukoo, maana hata baba yake alikuwa mvumbuzi aliyehangaika na magurudumu ya magari. Kijana akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1911. Alichosomea ni uhandisi wa mitambo. Shika hapo. Mtu ambaye baadaye alipewa karibu kila nishani kubwa ya kemia nchini mwake, akawa hata rais wa chama cha wanakemia wa Marekani, hakuwa na digrii ya kemia. Kemia aliiokota kazini, akiwa na jedwali la elementi mfukoni na udadisi usiotulia.

Mwaka 1916 aliingia kwenye maabara za Dayton, Ohio, chini ya bosi aliyeitwa Charles Kettering. Huyu Kettering ndiye aliyewaondolea madereva kazi ya kuzungusha hendeli mbele ya gari kwa kubuni stata ya umeme. Baadaye maabara hizo zilimezwa na General Motors, na Midgley akawa mtu wa General Motors.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta dawa ya injini kugonga. Usichanganye na injini kunoki tunayoijua mtaani, ile ya kukauka oili halafu unaanza kutafuta injini nyingine ya mitumba. Huku kugonga ni ule mlio mkavu wa ting-ting-ting unaosikia gari likipanda mlima na mzigo. Petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio, nguvu inapotea, na baada ya muda chuma kinaharibika. Watengenezaji walitaka injini zinazobana mafuta zaidi ili zitoe nguvu zaidi, lakini kila walipobana, mlio ulizidi.

Midgley na Kettering walianza na wazo ambalo leo linachekesha. Kuna ua moja la porini kwao ambalo majani yake ni mekundu kwa nyuma na huchanua mapema, hata kabla theluji haijaisha. Wakajiambia pengine rangi nyekundu hunyonya joto vizuri, basi tutie petroli rangi nyekundu. Rangi haikuwapo maabara siku hiyo, wakatumia iodini. Kumbe mlio ukapungua! Walipojaribu rangi nyingine nyekundu, wapi. Haikuwa rangi, ilikuwa iodini yenyewe. Nadharia ilikuwa bure, jibu likawa la kweli, na hapo ndipo mhandisi wa mitambo aliponogewa na kemia.

Alijaribu vitu vingi ajabu. Kuna miezi alifanya kazi na seleniamu na teluriamu, ambazo zilizima mlio vizuri lakini zilinuka kama kitunguu saumu kilichooza, na harufu ile iliganda mwilini hata ukioga. Hakuna ambaye angenunua petroli ya kumfanya anuke hivyo. Akashuka zaidi kwenye jedwali la elementi, hadi sehemu ya metali nzito, na tarehe 9 Desemba 1921 akafika. Kiasi kidogo sana cha kemikali yenye madini ya risasi, inayoitwa tetraethili ya risasi, kilitiwa kwenye mafuta na injini ikanyamaza kabisa.

Kemikali hiyo haikuwa ngeni. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani katika miaka ya 1850, na watu walijua kuwa ni sumu. Risasi yenyewe inajulikana kuwa sumu tangu enzi za Warumi. Hupanda kichwani, hudhuru mishipa ya fahamu, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaoanza kujengeka. Lakini ilikuwa bei rahisi, na zaidi ya hapo, kutiwa kwake kwenye petroli kungeweza kusajiliwa hataza. Pombe ya kawaida iliyotengenezwa kwa mahindi au miwa nayo huzuia kugonga, na watu hawa walijua hilo vizuri. Midgley mwenyewe alikuwa ameifanyia majaribio. Shida ya pombe ni kwamba kila mkulima angeweza kuipika. Hakuna angeimiliki.

Tarehe 2 Februari 1923 petroli ya kwanza yenye risasi iliuzwa kwenye kituo kimoja cha mafuta huko Dayton. Waliipa jina tamu, Ethyl. Neno risasi halikuonekana kwenye jina wala kwenye matangazo. Mei mwaka huo huo madereva walioongoza katika mbio za Indianapolis walikuwa wameitumia, na basi, nani angeuliza maswali tena?

Lakini angalia mahali Midgley mwenyewe alikuwa mwanzoni mwa 1923. Alikuwa Florida, kwenye jua na upepo wa bahari, akijaribu kusafisha mwili wake. Alikuwa amefanya kazi na risasi kwa zaidi ya mwaka mmoja na mapafu yake yalikuwa yamemlalamikia. Alijua ni nini kilichomlaza. Akapumzika, akapata nafuu, akarudi kuiuza.

Mwaka uliofuata mambo yalipasuka. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway kule New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walianza kuchanganyikiwa, wengine wakipiga kelele na kupigana na vitu visivyoonekana. Watano walikufa na wengine wengi wakalazwa. Magazeti yakaibatiza gesi ya wazimu. Kwenye kiwanda kingine cha Deepwater, wafanyakazi wenyewe walikuwa wamekipa jengo lao jina la nyumba ya vipepeo, kwa sababu mtu alikuwa akisimamisha kazi ghafla na kuanza kudaka hewani wadudu ambao hawakuwapo. Huko nako watu walikufa, na Dayton vilevile.

Tarehe 30 Oktoba 1924 kampuni iliita wanahabari, na Midgley akasimama mbele yao. Alimimina kemikali ile mikononi akanawa nayo, kisha akaweka chupa puani na kuvuta mvuke wake kwa dakika nzima, ili kuwaonyesha kwamba haina neno. Huyu ni mtu aliyetoka kujiuguza risasi mwaka uliotangulia tu. Unaweza kusema aliamini kwamba kiasi kidogo hakidhuru. Mimi naona alijua vya kutosha kunyamaza, na akachagua kufanya maigizo.

Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliita kikao cha wataalamu, na mauzo yakasimamishwa kwa muda. Daktari Alice Hamilton wa Harvard, aliyebobea katika magonjwa ya viwandani, alipinga waziwazi. Kampuni ilisema haina njia nyingine, ikashinda, na kufikia 1926 Ethyl ilikuwa imerudi vituoni. Kutoka hapo ilizunguka dunia. Ikafika Mombasa, ikapanda hadi Kitale, ikaingia kwenye kila Peugeot 404 iliyobeba abiria na kila trekta ya petroli iliyolima Trans Nzoia. Kama wazazi wako walizaliwa kabla ya 2000, waliivuta hewani.

Sasa tuje kwenye baridi.

Miaka ya 1920 friji ilikuwa kitu cha kuogopwa. Gesi zilizotumika zilikuwa amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Zote ni sumu, na nyingine hushika moto. Bomba likipasuka usiku, familia inaweza isiamke, na ilitokea. General Motors ilimiliki kampuni ya friji za Frigidaire, kwa hiyo mwaka 1928 Kettering alimgeukia tena kijana wake: tafuta gesi isiyoua na isiyowaka.

Midgley alikaa na wenzake, akiwemo mwanakemia Albert Henne, wakachukua lile jedwali la elementi unalolikumbuka ukutani shuleni. Waliangalia ni elementi zipi huweza kutengeneza vitu vinavyochemka kwa urahisi, wakafuta zenye sumu na zisizotulia, na wakabaki wakiikodolea macho florini. Kila mtu aliiogopa florini. Wao wakafikiri kwamba ikishikamana barabara na kaboni, haitaachia, na kwa hiyo haitadhuru. Kwa simulizi yake mwenyewe, hesabu hiyo iliwachukua siku tatu tu. Wakaamua kutengeneza molekuli yenye kaboni moja, klorini mbili na florini mbili.

Kwa kazi hiyo walihitaji malighafi moja adimu, na nchi nzima waliweza kupata chupa tano ndogo tu. Walichukua moja bila kuchagua, wakatengeneza gesi, wakamweka simbilisi ndani ya chombo chenye gesi hiyo. Simbilisi akaendelea na maisha yake. Shangwe. Wakatengeneza nyingine kwa chupa ya pili, na safari hii simbilisi akafa. Walipochunguza waligundua kwamba chupa nne kati ya zile tano zilikuwa na unyevu, na unyevu huo ulizalisha fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chupa safi ilikuwa moja tu, ile waliyoanza nayo. Kama mkono ungeshika nyingine kwanza, pengine wangekata tamaa siku hiyo na historia ya friji ingekuwa tofauti. Kumbuka jina hilo la fosjini, tutalirudia tukifika kwa fundi wako.

Aprili 1930, katika mkutano wa wanakemia huko Atlanta, Midgley alirudia mtindo wake wa jukwaani. Alivuta gesi hiyo mpya kifuani, kisha akaipuliza taratibu juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika. Haiui, haiwaki. Tofauti na maigizo ya 1924, safari hii ilikuwa kweli tupu. Ikapewa jina la biashara la Freon, na mafundi wakaizoea kama R-12.

Hapo ndipo magari yanapoingia. Mwishoni mwa 1939 kampuni ya Packard ilionyesha gari la kwanza lililotoka kiwandani na AC. Uliongezwa dola 274, pesa nyingi sana wakati huo, na mtambo wa kupoza ulikula nafasi kubwa ya buti. Kituko ni kompresa yake. Haikuwa na klachi. Ilizunguka wakati wote injini ikizunguka, na ukitaka kuzima AC ilibidi usimame, uzime gari, ufungue boneti na kuvua mkanda kwa mikono. Ukiona ile klachi ya sumaku mbele ya kompresa ya Mercedes ya babu inavyoshika na kuachia kwa kubonyeza swichi, ujue kuna watu waliteseka kabla yako.

Midgley hakuona AC za magari zikisambaa. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, alipata polio na miguu ikapooza. Kama kawaida yake alibuni dawa ya shida: mfumo wa kamba na kapi juu ya kitanda wa kumwinua. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa nyumbani kwake Worthington, Ohio, akiwa amenyongwa na kamba hizo. Watu wengi husimulia kama ajali. Cheti cha kifo kiliandika kwamba alijiua. Alikuwa na miaka 55. Alizikwa Columbus kwa heshima zote, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya Freon.

Neno hilo lilikuja miaka 30 baadaye. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa California, Mario Molina na Sherwood Rowland, waliuliza swali rahisi: gesi hii ambayo haiungani na kitu chochote hapa chini, huenda wapi ikivuja? Jibu ni kwamba hupanda. Huendelea kupanda kwa miaka hadi kwenye tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua, na huko juu miale hiyo ndiyo huivunja hatimaye. Klorini iliyokuwa imefungwa ndani hutoka, na chembe moja tu ya klorini inaweza kuharibu molekuli za ozoni zinazofikia 100,000. Kile kile kilichoifanya Freon kuwa salama jikoni, yaani utulivu wake, ndicho kilichoipa muda wa kufika juu. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko ilikuwa imetoboka. Molina na Rowland walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Paul Crutzen.

Hapa mimi hutofautiana na wale wanaomtia Midgley kwenye kapu moja na kumwita mtu aliyeidhuru dunia kuliko kiumbe yeyote. Zile ni kesi mbili. Kwa Freon, hakuna mtu mwaka 1928 aliyejua habari za klorini na ozoni, na gesi yake iliokoa watu waliokuwa wakifa kwa amonia. Kwa risasi alijua. Alikuwa na ushahidi ndani ya mapafu yake mwenyewe. Ukizichanganya mbili hizo, unamwonea upande mmoja na kumwachilia huru upande mwingine.

Dunia ilijibu haraka kuliko ilivyozoea, na sehemu kubwa ya jibu ilipangwa hapa kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lina makao yake makuu Gigiri, Nairobi, na mkurugenzi wake wakati huo alikuwa Mmisri Mostafa Tolba, aliyesukuma mataifa hadi wakakubaliana. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosaini siku ile ile. Sekretarieti ya mkataba huo ingali Nairobi. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuachana na gesi za aina ya R-12. Magari mapya yalikuwa yamehamia R-134a tangu miaka ya 1990, na hiyo ndiyo fundi huita ya kisasa, ingawa nayo sasa inapunguzwa chini ya makubaliano ya Kigali ya 2016 kwa sababu hupasha dunia joto.

Kwa hivyo swali la fundi wa Kibomet si la kukupotezea muda. Gari la 1980 lilizaliwa na R-12. Kama mabomba hayajafunguliwa tangu enzi hizo, pumzi ya Midgley ingali humo. Na kubadilisha kompresa si kufungua bolti nne na kuweka nyingine.

Kwanza gesi itolewe kwa mashine ya kuivuna, isiachiliwe hewani kwa kulegeza nati. R-12 inayotoka leo itakuwa bado inaelea angani wajukuu zako wakiwa wazee. Pili, na hili ni la roho yako: pasiwe na moto karibu. Gereji nyingi za jua kali hapa mtu anachomelea bampa mita mbili kutoka kwa anayefungua AC. R-12 haiwaki, lakini ikipita kwenye mwali wa moto au chuma kilichoiva huvunjika na kutoa asidi kali pamoja na kiasi cha fosjini. Ndiyo, ile iliyomuua simbilisi. Hata sigara izimwe. Gereji isiyo na mashine ya kuvuna gesi haifai kwa kazi hii, hata kama ni ya binamu yako.

Kompresa ikiwa imejisaga, imetema vumbi la chuma kwenye mfumo mzima. Usiposafisha mabomba na kondensa, ile mpya uliyoilipia itakufa kabla ya mwaka kuisha na utamlaumu muuza spea bure. Draya, ile kopo ndogo inayonyonya unyevu, hubadilishwa kila mara mfumo unapofunguliwa, hakuna mjadala. Oringi zote pia. Halafu kuna oili. Mfumo wa R-12 ulitumia oili ya madini, na oili hiyo haitembei na R-134a. Hubaki imelala mahali pamoja huku kompresa ikizunguka kavu. Ukihama gesi, unahama oili, na viungio vya kujazia hubadilishwa ili mtu asije akachanganya gesi mbili siku za usoni. Kiasi cha R-134a kitakuwa kama asilimia 80 hadi 90 ya uzani wa R-12 ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Na yeyote atakayekushauri ujaze gesi ya kupikia kwa sababu ni bei poa, mshukuru, chukua ufunguo wako, ondoka. Huwezi kubeba mtungi wa moto mbele ya magoti yako hadi Lodwar.

Kitu kimoja cha Kitale ambacho hukikuti kwenye video za Wamarekani. Kabla ya kujaza, fundi hunyonya hewa yote kwa pampu ya vakyumu, nusu saa au zaidi, ili unyevu uchemke na kutoka. Kwenye video mshale wa geji huteremka hadi karibu inchi 30. Kwetu utagota kwenye 24 hivi. Pampu haijaharibika, na wala fundi hakudanganyi. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo cha kunyonya ni kidogo. Mombasa mshale huo huo ungeteremka hadi chini. Cha kuangalia ni kama unabaki palepale pampu ikishazimwa. Ukipanda, kuna mahali panavuja.

Ile kazi yake nyingine imetoka kwenye gari kimyakimya, bila fundi wala spana. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaamua kuacha petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiacha, Kenya ikiwemo. Baadhi ya wenye magari ya kale walinung'unika, kwa sababu kuna injini zilizotegemea risasi kulinda viti vya vali, na wengine wakalazimika kubadilisha viti hivyo. Hiyo ni gharama ya siku moja gereji. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, na vituo vyake viliacha Julai 2021. UNEP ilitangaza habari hizo kutoka Nairobi tarehe 30 Agosti. Ilikuwa imepita miaka 98 tangu ile tangi ya kwanza kujazwa Dayton, na Midgley alikuwa na miaka 76 kaburini.